Dakta Fell, mtu aliyechukiwa bila sababu

Mwaka 2025 ilitimia miaka 400 tangu azaliwe John Fell, na mimi sikusikia hata ngoma moja ikipigwa. Huko Uingereza, msomi asiyempenda mtu wala kujua sababu yake husema huyo kwake ni Dakta Fell. Sisi tungesema damu zao hazipatani, yakaisha. Wao walitwika chuki hiyo jina la marehemu.

Na marehemu hakuwa mtu mdogo. Tangu 1660 aliongoza Chuo cha Christ Church, Oxford. Mwaka 1676 akawa askofu. Wapenzi wa uchapaji, ambao ndio wanaomtetea hadi leo, hukumbusha kwamba ndiye aliyefufua kiwanda cha chapa cha chuo kikuu, akaagiza kalibu za herufi kutoka Uholanzi. Herufi hizo bado zinaitwa kwa jina lake.

Lakini akatokea Thomas Brown, mwanafunzi kutoka Shropshire, ulimi mkali na nidhamu haba. Yasimuliwa kwamba yapata mwaka 1680 alifanya kosa, Fell akaamua kumfukuza. Kijana akaomba radhi. Mzee akalegea, ila kwa sharti: afasiri papo hapo beti za Martial, mshairi wa Roma ya kale, anayemwambia mmoja aitwaye Sabidius kuwa hampendi na kwa nini hasa hawezi kusema. Brown hakubabaika. Alimtoa Sabidius, akamweka Fell, akayasema hayo kwa Kiingereza mbele ya mwenyewe! Eti akasamehewa. Wapo wanaosema kisa kimetiwa chumvi, nami nahisi hivyo, maana Brown aliondoka Oxford bila shahada, akaenda London kuishi kwa kalamu na kejeli hadi alipofariki 1704.

Beti zikaingia katika mashairi ya watoto. Mwaka 1886 Robert Louis Stevenson alimkumbuka Fell katika kisa cha Jekyll na Hyde, pale mwanasheria anaposhindwa kueleza kwa nini Hyde anamchukiza. Baadaye jina likaangukia wapelelezi na wauaji wa riwaya.

Naona ni dhuluma, mtu wa vitabu kukumbukwa kwa utani wa mtoro wa darasa. Hata hivyo, anayetaka sababu ya kumchukia Fell ataipata: mwaka 1684, kwa amri ya Mfalme Charles wa Pili, alimfuta mwanafalsafa John Locke chuoni. Hilo Brown hakuliimba.