Boti ya Faiba Haitengenezwi kwa Kalafati: Njia Sahihi ya Kukarabati Nyufa na Matundu

Wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, hazina ufukwe wa bahari. Hata hivyo, samaki wa baharini wanaouzwa katika masoko ya wilaya hizo hutegemea vyombo vinavyovua pwani. Boti inapolazwa nchi kavu kwa sababu ya ufa, hasara huanza kwa mvuvi na kumfikia mchuuzi na mlaji aliye bara.

Matumizi ya boti za faiba yanaongezeka nchini. Januari 2024, jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ugawaji wa boti za kisasa kwa wavuvi kwa njia ya mkopo nafuu. Mkoani Lindi, Septemba 2023, aliweka jiwe la msingi la Bandari ya Uvuvi ya Kilwa Masoko. Mmiliki wa chombo cha mkopo huendelea kudaiwa hata chombo kikiwa kimepasuka. Kwa sababu hiyo, ni muhimu wananchi wafahamu ukarabati ulio salama.

Tofauti na chombo cha mbao

Jahazi au mashua ya mbao huzibwa kwa kalafati: fundi hushindilia pamba kati ya mbao, nayo huvimba inapolowa na kuzuia maji yasipenye. Faiba haina viungo vya namna hiyo. Ni nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa rezini na kuwa gamba moja. Ufa unaweza kuwa dalili kwamba nyuzi zimekatika, na kuupaka lipu kwa juu huficha tu udhaifu. Nguvu hurudi pale nyuzi mpya zinaposhikamana na nyuzi za zamani katika eneo pana.

Kutambua ukubwa wa tatizo

Nyufa nyembamba mithili ya utando wa buibui mara nyingi huwa katika tabaka la nje la rangi pekee. Ili kuhakikisha, gongagonga eneo hilo taratibu kwa sarafu au nyundo ndogo. Sauti kali huashiria gamba zima. Sauti butu huashiria matabaka yaliyoachana au yaliyoingiwa na maji. Kagua pia upande wa ndani, hususan karibu na mkuku, mataruma na sehemu ya tezi inayobeba injini. Ufa unaojirudia mahali palepale una chanzo, kama vile taruma lililoachia, na chanzo hicho kitibiwe kwanza.

Hatua za ukarabati

1. Osha eneo kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha liache likauke kabisa. Rezini haishiki vizuri penye unyevu, chumvi au mafuta.

2. Kata na kusaga sehemu yote iliyooza au kuachana hadi kufikia faiba ngumu. Saga kingo kwa mteremko wenye upana wa mara 12 ya unene wa gamba. Gamba la milimita 6 huhitaji mteremko wa takriban milimita 72 kila upande.

3. Futa vumbi, safisha kwa asetoni na subiri ikauke. Kwa tundu lililotokeza upande wa pili, weka ubao uliofunikwa kwa plastiki uwe egemeo.

4. Changanya rezini ya polyesta na kigumishaji chake kwa kiwango cha asilimia 1 hadi 2, kwa kufuata maelezo ya mtengenezaji. Kilo 1 ya rezini huhitaji gramu 10 hadi 20. Katika joto la pwani, kiwango cha chini ndicho kinachofaa, na changanya kiasi kidogo kidogo.

5. Laza vipande vya mkeka wa nyuzi, kila kimoja kikiwa kikubwa kuliko kilichotangulia. Mita 1 ya mraba ya mkeka wa gramu 450 hunywa takriban kilo 1 ya rezini. Toa hewa kwa rola. Usilaze zaidi ya matabaka 3 au 4 kwa mfululizo, kwani joto la kuganda laweza kuunguza kazi.

6. Rudia hadi unene wa awali urejee. Baada ya kuganda, piga msasa na upake tabaka la nje.

Kazi hiyo ifanyike kivulini, penye hewa ya kutosha, wala si wakati wa mvua.

Tahadhari

Vumbi la faiba hudhuru mapafu na ngozi. Barakoa, miwani na glavu ni lazima. Rezini hushika moto kwa urahisi, hivyo sigara na moto viwe mbali. Kigumishaji kisichanganywe kamwe moja kwa moja na kiharakishi cha kobalti, kwa kuwa mchanganyiko huo hulipuka. Kikiingia jichoni, osha kwa maji mengi kwa dakika zisizopungua 15, kisha nenda kituo cha afya bila kuchelewa. Mabaki ya kazi yasitupwe ufukweni.

Baada ya ukarabati

Boti ijaribiwe katika maji ya kina kifupi, bila shehena, kabla ya kurejea kazini. Uharibifu wa mkuku au wa sehemu ya kufungia injini usiachwe kwa fundi asiye na uzoefu. Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC) ndilo lenye jukumu la kusimamia usalama wa vyombo vya majini. Mafunzo ya uvuvi hutolewa na Wakala ya Elimu na Mafunzo ya Uvuvi (FETA), yenye kampasi Mikindani, mkoani Mtwara.

Vijana wa Nachingwea na Ruangwa nao wanaweza kunufaika na ufundi huu. Vikundi vilivyosajiliwa vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinaweza kuomba mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Izingatiwe tu kwamba rezini hii haishiki kwenye matangi ya maji ya plastiki yanayotumika majumbani. Hayo huhitaji ukarabati wa aina nyingine.