Daraja na Cheo: Majina na Mamlaka ya Wahudumu wa Kanisa Anglikana Afrika Mashariki, 1879–1970

Utangulizi

Kumbukumbu za Kanisa Anglikana katika Afrika Mashariki zimejaa majina ya heshima: shemasi, kasisi, padre, mchungaji, kanoni, askofu msaidizi, askofu, askofu mkuu. Msomaji anayeyachukua majina haya kama ngazi moja iliyonyooka huweza kudhani kwamba Mwafrika alipopewa jina, alipewa pia mamlaka yanayoambatana nalo. Insha hii inajadili kwamba historia haikwenda hivyo. Ili kuielewa, ni lazima kutenganisha mambo mawili: daraja, ambalo mtu hulipokea kwa kuwekewa mikono na kubaki nalo maisha yake yote, na cheo, ambacho hutolewa kwa uteuzi na huweza kuondolewa. Tofauti hiyo ndiyo inayoonesha jinsi uongozi ulivyohama, polepole na kwa vipande, kutoka kwa wamisionari kwenda kwa wenyeji.

Madaraja matatu na majina yake

Kitabu cha Sala cha mwaka 1662, ambacho misheni zote mbili kuu za Kianglikana zilikirithi, kinatambua madaraja matatu tu: shemasi, kasisi na askofu. Shemasi humsaidia kasisi katika Ekaristi, husoma Maandiko, hufundisha vijana, hubatiza watoto wachanga kasisi asipokuwapo, na huwatafuta wagonjwa na maskini. Kasisi ndiye anayeadhimisha Ekaristi, kutamka maondoleo ya dhambi na kutoa baraka. Askofu hutoa kipaimara, huweka wakfu makasisi na mashemasi, na kuisimamia dayosisi. Kanoni, mkuu wa kanisa kuu na askofu mkuu ni vyeo. Havimwongezei mhudumu uwezo wowote wa kisakramenti.

Majina ya Kiswahili yenyewe yana historia. Askofu, kasisi na shemasi yaliingia kupitia Kiarabu, lugha ambayo Wakristo wa Mashariki walikuwa wameyatumia kwa karne nyingi. Jina kasisi halikuwa geni hata kwa Waislamu wa pwani waliosoma Kurani, kwa kuwa limetajwa katika sura ya tano. Padre lilitokana na Kireno. Mchungaji ni neno la Kibantu, lililotoka katika kazi ya kuchunga mifugo na kupata nguvu kutokana na taswira ya Biblia.

Matumizi ya majina haya yalifuata mipaka ya misheni. Misheni ya Vyuo Vikuu, iliyofahamika kama UMCA, ilihamia Unguja mwaka 1864 chini ya Askofu Tozer, kisha ikaenea hadi Magila na Masasi. Misheni hiyo ilishikilia mapokeo ya kikatoliki ndani ya Uanglikana, na waumini wake walizoea kumwita kasisi "padre". Misheni ya CMS, iliyofuata mkondo wa kiinjili na kufanya kazi Mombasa, Uganda na baadaye Dodoma, ilipendelea "mchungaji". Jina la kwanza linamweka mhudumu altareni. La pili linamweka kati ya kundi lake. Hata hivyo, daraja lilikuwa lile lile.

Daraja la chini, mamlaka madogo

Mwaka 1879 Askofu Edward Steere alimweka John Swedi kuwa shemasi. Upande wa CMS, Askofu James Hannington aliwaweka William Jones na Ishmael Semler katika daraja hilo huko Frere Town mwaka 1885. Hatua hizi zilikuwa kubwa, lakini zilikuwa na kikomo. Shemasi hawezi kuadhimisha Ekaristi, na kwa sababu hiyo kanisa lenye shemasi mwenyeji lilibaki likimtegemea kasisi mgeni.

Kitabu cha Sala kinaelekeza kwamba shemasi akae katika daraja lake kwa muda wa mwaka mmoja, isipokuwa askofu aone sababu ya kufanya vinginevyo. Katika UMCA, Cecil Majaliwa alifanywa shemasi mwaka 1886 na kuwa kasisi wa kwanza Mwafrika wa misheni hiyo mwaka 1890. Alihudumu Chitangali, katika eneo la Wayao, mbali na wamisionari wa Ulaya, na kanisa likakua mikononi mwake. Mwaka 1897 alirudishwa Unguja. Hakupoteza daraja lake. Alichoondolewa ni nafasi ya kuongoza.

Mfano wa Apolo Kivebulaya wa Uganda, aliyehubiri Mboga katika Kongo, unaonesha upande wa pili. Aliwekwa kuwa shemasi mwaka 1900, kasisi mwaka 1903, na kupewa ukanoni mwaka 1922. Heshima hiyo ilitambua kazi yake, lakini haikumpa uaskofu.

Mgogoro wa Kikuyu

Mwaka 1913 maaskofu wa Mombasa na Uganda walikutana na wamisionari wa makanisa mengine ya Kiprotestanti huko Kikuyu kujadili ushirikiano. Mkutano ulifungwa kwa Ekaristi iliyoongozwa na Askofu Peel wa Mombasa katika kanisa la Waskoti, na Wakristo wa makanisa yasiyo na maaskofu walishiriki. Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, aliwashtaki wenzake kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, Randall Davidson, kwa kosa la uzushi.

Mzizi wa shauri ulikuwa ni uhalali wa daraja. Kama mtu asiyewekewa mikono na askofu anaweza kuhesabiwa mhudumu kamili, basi kazi ya askofu ni ya utawala tu. Kama hawezi, basi askofu ni sharti la kuwapo kwa Kanisa. Lakini kadiri Weston alivyoukweza uaskofu, ndivyo swali jingine lilivyozidi kuwa zito: ikiwa Kanisa halikamiliki bila askofu, Kanisa la Waafrika lingekamilika lini bila askofu Mwafrika?

Uaskofu kwa vipande

Jibu lilichelewa. Mwaka 1947 Aberi Balya alifanywa askofu msaidizi Uganda. Tarehe 15 Mei 1955, katika Kanisa Kuu la Namirembe, Askofu Mkuu Geoffrey Fisher aliwaweka wakfu Festo Olang', Obadiah Kariuki, Yohana Omari na Daniel Deng Atong. Wote wanne walikuwa maaskofu wasaidizi. Kwa daraja walilingana na askofu yeyote duniani. Kwa cheo walikuwa chini ya maaskofu wa kigeni. Mwaka 1961 ndipo Olang' na Kariuki walipokabidhiwa dayosisi zao, Maseno na Fort Hall. Upande wa Zanzibar, John Sepeku alifanywa askofu msaidizi mwaka 1963, miaka 84 baada ya ushemasi wa Swedi. Jimbo la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1960 chini ya Askofu Mkuu Leonard Beecher, liligawanywa mwaka 1970. Olang' akawa askofu mkuu wa Kenya, Sepeku wa Tanzania.

Hitimisho

Mfululizo huu unaonesha kwamba kila daraja lilipofunguliwa, kizuizi kilihamia kwenye cheo. Shemasi alikosa altare, kasisi alikosa dayosisi, na askofu msaidizi alikosa kiti. Kwa hiyo mtafiti wa historia ya Kanisa hapaswi kuridhika na tarehe ya "Mwafrika wa kwanza" katika kila daraja. Anapaswa kuuliza pia ni nani aliyemtuma mhudumu huyo, ni nani aliyeweza kumrudisha, na ni lini uwezo huo wa kutuma na kurudisha ulipoingia mikononi mwa wenyeji.