Upimaji wa seli katika kiinitete cha samaki wa Ziwa Nyasa

Upimaji wa seli katika kiinitete ni njia ya biolojia ya kuchunguza ukubwa na umbo la seli tangu yai linaporutubishwa hadi viungo vinapoanza kuonekana. Sikilidi wa Ziwa Nyasa, ndugu wa perege, wanafaa sana kwa uchunguzi huo.

Samaki na makazi yao. Mwambao wa Lituhi, Liuli na Mbamba Bay, upande wa Tanzania, ni sehemu ya makazi hayo. Ziwa hili lina spishi za sikilidi zaidi ya 500, wakiwemo mbuna wa kwenye miamba. Utafiti wa jenomu wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa spishi mbili hutofautiana kwa wastani wa asilimia 0.1 hadi 0.25 tu ya DNA, ilhali miili yao haifanani hata kidogo. Chanzo cha tofauti hizo ni lazima kitafutwe pia katika siku za mwanzo za uhai.

Mgawanyiko. Majike wengi huatamia mayai kinywani. Ndani ya yai, seli hugawanyika juu ya kiini cha njano bila kukua kwanza, hivyo kila kizazi cha seli ni kidogo kuliko kilichotangulia. Seli ikigawanyika sawasawa, ujazo hubaki nusu, lakini kipenyo hubaki takribani asilimia 79. Kipenyo hupungua hadi nusu baada ya migawanyiko mitatu. Ndiyo maana kipimo cha kipenyo pekee hakitoshi.

Ukubwa wenyewe una kazi. Mwaka 1982, Newport na Kirschner walionyesha kwa chura *Xenopus* kwamba uwiano wa DNA na saitoplazimu husaidia kuamua ni lini jeni za kiinitete zianze kazi.

Njia. Utando wa seli hutiwa rangi inayong'aa, hadubini hupiga picha tabaka kwa tabaka, kisha programu ya kompyuta huzitenga seli na kukokotoa ujazo, eneo la uso na uduara, yaani kadiri umbo la seli linavyokaribia tufe. Tufe kamili lina uduara wa 1, mchemraba 0.81. Seli zikibanana au kurefuka wakati wa kuhama, uduara hushuka.

Umuhimu. Mwaka 2023 watafiti wa Cambridge, Uingereza, walilinganisha *Astatotilapia calliptera*, anayeishi kwenye maji ya kina kifupi, na *Rhamphochromis*, samaki mwembamba mla samaki wenzake. Tofauti zilionekana tangu hatua za awali za kiinitete. Kwa hiyo kulinda mazalia ya mwambao wa Ziwa Nyasa ni kulinda pia mahali ambapo maumbile hujibu swali kubwa: mwili hupataje umbo lake?