Muhula, Rahani na Kudra: Lugha ya Kudai Deni Baada ya Maafa katika Mikataba ya Zanzibar ya Karne ya 19

Utangulizi

Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilirekebisha sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki mahakamani. Tangu hapo kazi ya kufasiri sheria na mikataba imezidi kuwaangukia watu wa fani yetu, na vifungu viwili vimekuwa vikitupa taabu isiyolingana. Kifungu cha kudai deni hufasirika kwa wepesi: mdai, mdaiwa, mdhamini, rahani, kufilisi, yote ni maneno yaliyokwisha kukomaa. Kifungu kinachoeleza nini kifanyike maafa yanapomzuia mtu kutimiza ahadi yake hujaa maelezo marefu na istilahi za kubuni. Makala hii inadai kwamba tofauti hiyo ni ya kihistoria. Pwani yetu iliandika deni kwa uangalifu mkubwa, lakini maafa iliyaacha nje ya karatasi, mikononi mwa kadhi, jamaa na subira ya mdai. Neno lililobeba subira hiyo lilikuwepo, nalo ni muhula.

Waraka wa deni

Biashara ya misafara ya karne ya 19 ilisimama juu ya mkopo. Tajiri wa Kihindi wa Mji Mkongwe alitoa nguo, shanga na nyaya. Mwenye msafara akaenda nazo Tabora, Ujiji au ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, akarudi na pembe baada ya mwaka mmoja, miwili au zaidi. Tippu Tip, katika tawasifu yake aliyoiandika kwa Kiswahili kwa hati za Kiarabu, na ambayo Heinrich Brode aliichapisha mwanzoni mwa karne ya 20, anasimulia bila kificho jinsi alivyochukua mali kwa wafanyabiashara wa Kihindi, na baadaye kwa Taria Topan, yule aliyekuja kukodi forodha ya Zanzibar. Mkopo uliosimama juu ya neno la mkopaji peke yake uliitwa mali kauli. Jina lenyewe linatosha kuonyesha kuwa watu walitofautisha kauli na karatasi.

Karatasi hiyo ndiyo waraka. Kwa kawaida uliandikwa kwa Kiarabu, nao ulikuwa ungamo: fulani amekiri kwamba anadaiwa na fulani riali kadhaa, au frasila kadhaa za pembe, karafuu au sandarusi, kwa muda uliotajwa. Mara nyingi nyumba au shamba liliwekwa rahani. Kwa kuwa riba ni haramu, ilitumika pia bei ya khiyari. Mwenye shamba aliliuza kwa fedha taslimu akibaki na haki ya kulirudisha kwa bei ileile kabla ya siku fulani. Wakati huohuo alilikodi kutoka kwa mnunuzi, na ile kodi ndiyo iliyokuwa faida ya mkopeshaji. Siku ikipita bila fedha kurudi, shamba limeuzwa. Mtu anaweza kuiita hila, na wapo wanazuoni walioiita hivyo, lakini kwa mtazamo wa lugha ni kazi ya ustadi: tendo moja la kukopa limegawanywa katika kuuza, kukodi na kukomboa, na kila sehemu ina jina lake.

Ndani ya ustadi huo wote, waraka wa kawaida haukusema lolote kuhusu ndui, vita, moto au chombo kuzama. Ukimya huu haukutokana na ujinga. Fikihi ilikuwa na mjadala mrefu juu ya jaiha, yaani pigo linaloharibu matunda yaliyouzwa yangali mtini. Wamaliki humpunguzia mnunuzi bei hasara ikifika theluthi. Madhehebu ya Shafi, yaliyoenea pwani yetu, humwachia mnunuzi hasara yake pindi akishakabidhiwa. Huenda ndiyo sababu neno jaiha halikupata nafasi katika Kiswahili cha kila siku. Tulilopokea ni lile linalotokana na agizo la Surat al-Baqara, aya ya 280, kwamba mdaiwa aliye katika dhiki angojewe mpaka apate wasaa. Kungojewa huko ndiko muhula kwa maana yake ya asili: nafasi ya kupumua anayopewa mtu aliyebanwa.

Dhoruba ya 15 Aprili 1872

Mfumo huo ulijaribiwa kwa mapigo yaliyofuatana. Kipindupindu kilipita Zanzibar na bara mwaka 1869 na 1870. Mwaka 1871 vita vya Mirambo dhidi ya Waarabu wa Unyanyembe viliivuruga njia ya Tabora, na pembe zilizokuwa zimekwisha kuahidiwa kwenye nyaraka zikakwama bara. Kisha, tarehe 15 Aprili 1872, dhoruba ikakipiga kisiwa cha Unguja. Takribani theluthi mbili za mikarafuu na minazi ziliangushwa, majahazi mengi yakavunjika, na merikebu za Sayyid Barghash zikaangamia bandarini. Pemba ilinusurika kwa sehemu kubwa, na hapo ndipo ilipoanza kuipita Unguja kwa karafuu, jambo lililodumu hadi leo.

Mkarafuu mchanga huchukua miaka sita au zaidi kabla ya kutoa mazao ya maana. Mwenye shamba aliyekuwa na khiyari ya miaka mitatu alijikuta na siku ya kukomboa iliyo karibu kuliko mavuno. Tena alihitaji mkopo mpya wa kupanda upya, na wa kumkopesha ni yuleyule aliyekwisha kulishika shamba. Wahenga walisema kukopa arusi, kulipa matanga. Kwa wenye mashamba wa Unguja matanga yalitangulia, na kukopa kukafuata. Sultani mwenyewe alikuwa katika hali hiyohiyo. Sir Bartle Frere alipofika Januari 1873 kudai mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa, Barghash alitaja hasara ya dhoruba miongoni mwa sababu za kutaka aachiwe nafasi. Mkataba ulitiwa saini tarehe 5 Juni mwaka huohuo. Kwa lugha ya nyaraka, aliomba muhula akanyimwa.

Kutoka muhula hadi tarehe

Kwa sadfa ambayo mtafiti wa istilahi hawezi kuipuuza, mwaka huohuo wa 1872 India ya Kiingereza ilitunga Sheria yake ya Mikataba. Tangu 1866 balozi mdogo wa Uingereza alikuwa na mahakama yake Zanzibar kwa ajili ya raia wa Kiingereza, wakiwemo Wahindi waliohesabiwa hivyo, na mahakama hiyo ilifuata sheria za India. Kwa njia hiyo, na baadaye kwa amri za kikoloni, sheria ile ikaenea Afrika Mashariki. Kenya iliiacha mwanzoni mwa miaka ya 1960. Tanganyika ilitunga yake mwaka 1961 ikibakiza sehemu kubwa ya maneno yaleyale, hata kifungu cha 56 kinachosema kuwa makubaliano ya kutenda jambo lisilowezekana ni batili.

Kifungu hicho hakikumfaa mwenye mikarafuu iliyolala chini. Kulipa fedha hakuhesabiwi kuwa jambo lisilowezekana; ni jambo gumu tu, na ugumu si ubatili. Sheria mpya iligawa mambo mawili, kuwezekana na kutowezekana, na kati yake haikuacha mahali pa kungoja. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, muhula ulipopoteza makao yake ya kisheria. Leo mwanafunzi wa Kampala au Bujumbura akisikia neno hilo hufikiria kipindi cha masomo au miaka ya rais madarakani. Muda umebaki, rehema imetoka.

Serikali ya kikoloni yenyewe ililazimika kurudi kwenye kungoja. Bei ya karafuu ilipoporomoka baada ya 1929 na mashamba yakawa rahani kwa wakopeshaji, mwaka 1934 Zanzibar ilitoa amri za kuzuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isihamishiwe wengine bila idhini, na kusimamisha kwa muda madai ya madeni. Ugomvi uliofuata kati ya serikali na wafanyabiashara wa Kihindi, hadi mgomo wa karafuu wa 1937 na 1938, ni habari ya makala nyingine.

Rasimu nyingi za siku hizi huandika "muda wa neema" pale zinapotaka kusema mdaiwa asubiriwe, na "kudra ya Mungu" pale zinapotaja dhoruba au mafuriko. La pili nalikubali, maana wasomaji wanalielewa bila kamusi. Kwa la kwanza napendekeza tulirudishe neno la zamani: mdaiwa aliyepatwa na kudra apewe muhula wa miezi iliyotajwa, na rahani isiuzwe kabla muhula huo haujaisha. Litakalobaki kwa mwandishi wa mkataba ni swali ambalo bei ya khiyari haikulijibu, nalo halimalizwi na istilahi: ndani ya muhula huo, kodi ya shamba lisilozaa inalipwa na nani?