Kulinda miguu ya mifugo safarini: mwongozo kwa wanaopeleka mzigo Kampala

KAMPALA - Ng'ombe wengi wanaochinjwa Kampala hutoka katika ukanda wa mifugo, kuanzia Kiruhura, Lyantonde na Sembabule upande wa magharibi hadi Nakasongola na Karamoja. Kutoka Mbarara hadi jijini ni kama kilometa 270. Wanaopeleka mifugo mipakani, kwa mfano Elegu kwa soko la Sudan Kusini, husafiri mbali zaidi. Katika safari hizo sehemu ya mnyama inayoumia kwa urahisi ni mguu, na mguu ukivunjika mnyama huyo hupoteza soko palepale.

Makala hii inaeleza jinsi miguu inavyoumia, hatua za kuzuia, na namna ya kugawana hasara ikitokea.

Hesabu ya hasara

Tuchukue mfano. Mfanyabiashara ananunua ng'ombe kwa Sh 2,000,000 na kutarajia faida ya Sh 150,000 kwa kila mmoja. Mmoja akivunjika mguu na kuuzwa kwa nusu ya bei, Sh 1,000,000 zimepotea. Hiyo ni faida ya karibu ng'ombe saba.

Lori likikodiwa kwa Sh 900,000 na kupakiwa ng'ombe 16, kila mmoja anabeba gharama ya Sh 56,250. Wakipakiwa 13, gharama inakuwa kama Sh 69,230, yaani nyongeza ya Sh 13,000 kwa kila ng'ombe. Basi msongamano ukisababisha ajali moja zaidi katika kila ng'ombe 77, ambao hawafiki hata malori matano yaliyojaa, akiba yote imekwisha. Hapo hatujahesabu nyama iliyovilia damu ambayo hukatwa na kutupwa machinjioni.

Kabla ya kupakia

Mtembeze kila mnyama kwenye ardhi ngumu na kuangalia miguu yote minne. Kanuni za Shirika la Afya ya Wanyama Duniani (WOAH), ambalo lilipitisha viwango vyake vya kwanza vya ustawi wa wanyama mwaka 2005, zinasema mnyama asiyeweza kusimama mwenyewe na kukanyagia kila mguu hafai kusafirishwa.

Kuchechemea kuna maana nyingine pia. Ni mojawapo ya dalili za ugonjwa wa miguu na midomo, ambao mwaka 2024 ulisababisha wilaya nyingi za Uganda kuwekwa karantini. Mnyama mmoja anayechechemea anaweza kusimamisha mzigo mzima kizuizini au mpakani. Ukaguzi wa daktari wa mifugo na kibali cha kusafirisha vipatikane kabla lori halijafika, si baada ya kupakia.

Njia ya kupandia

Mahali pasipo na jukwaa la kupakilia, wanyama hupandishwa kwenye tuta la udongo au mbao, na wakati wa kushusha hulazimishwa kuruka. Mguu wa mbele unaotua kwenye lami kutoka juu ya bodi la lori hubeba uzito mkubwa kwa ghafla.

Kipimo kizuri ni kile cha kanuni za Umoja wa Ulaya zilizoanza kutumika Januari 2007. Mteremko wa njia ya kupandia ng'ombe wakubwa usizidi nyuzi 26, yaani kwa kila mita moja ya kimo, njia iwe na urefu wa mita mbili chini. Kwa ndama na farasi usizidi nyuzi 20. Ukizidi nyuzi 10, pigilia vipande vya mbao vya kukanyagia kwa kukatisha. Hakikisha hakuna pengo kati ya njia na bodi, kwa sababu kwato ikiingia hapo na mnyama akivuta, mfupa hukatika.

Sakafu

Sakafu ya chuma au mbao laini iliyolowa mkojo na kinyesi huteleza kama sabuni. Pigilia mirunda au vyuma vyembamba kwa mtindo wa miraba ili kwato zipate pa kushika, kisha tandika mchanga, maranda au makapi makavu ya miwa. Misumari iliyochomoza na mbao zilizooza zishughulikiwe kabla ya kila safari. Baada ya kushusha, safisha na kunyunyiza dawa, kwani lori chafu hubeba magonjwa hadi shamba linalofuata.

Idadi ndani ya lori

Wapo wanaoamini kwamba ng'ombe waliobanana hushikiliana wasianguke. Utafiti uliofanywa Ireland mwishoni mwa miaka ya 1980 ulionyesha kinyume chake: msongamano ulipozidi, walioanguka na waliopata michubuko waliongezeka. Aliyeanguka hawezi kuinuka kwa sababu nafasi yake imeshachukuliwa, na wenzake humkanyaga miguuni na mbavuni.

Kanuni za Ulaya zinatoa mita za mraba 0.95 hadi 1.30 kwa ng'ombe wa kilo 325, na 1.30 hadi 1.60 kwa wa kilo 550. Bodi lenye urefu wa mita 6 na upana wa mita 2.2 lina mita za mraba 13.2. Likipewa nafasi ya juu ya viwango hivyo, linabeba ng'ombe 10 wa kilo 325 au 8 wa kilo 550. Ng'ombe wa Ankole wana pembe ndefu, hivyo ni busara kutokwenda chini ya nafasi hiyo. Mzigo ukiwa mdogo, weka kizuizi katikati ili wanyama wasirushwe huku na huku. Madume yasiyofahamiana yatenganishwe.

Kamba

Kanuni hizo hizo zinakataza kumfunga mnyama kwa pembe, kwa pete ya pua au kwa kuunganisha miguu. Mnyama aliyefungwa pembe kwenye chuma cha juu akiteleza hawezi kurudisha miguu chini yake. Ikibidi kufunga, tumia hatamu ya kichwani, kamba iwe na urefu wa kumwezesha kusimama na kulala, na utingo awe na kisu cha kuikata haraka.

Udereva

Ng'ombe husimama karibu safari nzima, na huanguka zaidi lori linapofunga breki au kukata kona. Dereva apunguze mwendo mapema kabla ya matuta. Asimame baada ya nusu saa ya kwanza kukagua, kisha kila baada ya saa mbili au tatu.

Muda nao upangwe kwa tahadhari. Mei 2023, mafuriko yalipoharibu daraja la Katonga katika barabara ya Kampala-Masaka, magari yalilazimika kuzunguka kupitia Sembabule. Msafirishaji asiyekuwa na maji ya akiba ya kunywesha wanyama alijikuta na mifugo iliyochoka, na mnyama aliyechoka huanguka upesi.

Mbuzi

Miguu ya mbuzi hukwama kwenye mapengo ya mbao za pembeni na za ghorofa ya juu. Ziba mapengo hayo. Mbuzi wa chini ya kilo 35 apewe mita za mraba 0.20 hadi 0.30. Kumfunga mbuzi miguu minne na kumlaza kwenye bodaboda huzuia damu na kuumiza viungo.

Farasi

Farasi ni wachache Uganda, lakini thamani ya mmoja ni kubwa na miguu yake ndiyo kazi yake. Huhitaji chumba chake chenye kizuizi, angalau mita za mraba 1.75, na nafasi ya kutanua miguu ili ajisawazishe. Miguu hufungwa bendeji juu ya pamba nene, kuanzia chini ya goti hadi kwenye ukingo wa kwato, kwa mkazo ulio sawa pande zote. Bendeji iliyokazwa mno huumiza mishipa, na iliyolegea humkwaza. Azoeshwe nyumbani siku chache kabla, na katika joto ikaguliwe kila mnapopumzika.

Mnyama akianguka njiani

Simama mahali salama, ondoa waliomzunguka na umpe nafasi ya kujiinua. Usimvute kwa mguu wala kumpinda mkia. Mguu ukiwa umevunjika, usimburute. Mwite daktari wa mifugo aliye karibu ili achinjwe mapema na nyama ikaguliwe. Akifa kabla ya kuchinjwa ni kibudu, na hauzi hata kilo moja.

Nani alipe?

Namna ya kulipa nauli huathiri usalama wa mifugo. Msafirishaji anayelipwa kwa kila kichwa ana sababu ya kujaza lori, na anayelipwa kwa safari hana. Kabla ya kuondoka, pande mbili ziandikiane idadi ya juu ya mifugo, hali ya kila mnyama alipopakiwa, na mgawanyo wa hasara. Ulemavu uliokuwapo kabla ya kupakia ni wa muuzaji, sakafu mbovu na mwendo wa kasi ni vya mwenye lori, na idadi iliyozidishwa ni ya aliyeiamuru. Sehemu ya nauli ibaki mpaka mzigo ushushwe na kuhesabiwa ukiwa umesimama kwa miguu yake.