Hüsker Dü: nyimbo 20 na watunzi wawili wasiopatana

Januari 2027 itatimia miaka 40 tangu Hüsker Dü, bendi ya roki ya Minnesota, Marekani, itoe Warehouse: Songs and Stories, santuri mbili zenye nyimbo 20. Baada ya hapo hawakurekodi albamu nyingine ya studio.

Mwanzo wao unajulikana: Bob Mould wa gitaa, Grant Hart wa ngoma na Greg Norton wa besi waliungana Saint Paul mwaka 1979, Zen Arcade ya 1984 ikawapa jina, kisha kampuni ya Warner Bros. ikawachukua.

Kinachosimuliwa zaidi ni ugomvi. Mould na Hart wote walikuwa watunzi na waimbaji. Inadaiwa, kama anavyosimulia Michael Azerrad katika kitabu chake cha 2001, kwamba Mould alimwambia Hart hatapata kamwe zaidi ya nusu ya nyimbo katika albamu ya bendi hiyo. Warehouse ilipotoka, Mould alikuwa na 11, Hart tisa, na mara nyingi wimbo wa huyu ukifuatwa na wa yule. Mafahari wawili hawakai zizi moja. Hawa walikaa, wakawa wanahesabiana majani. Na kwa kuwa wao wenyewe ndio waliosimamia kazi ya studio, hakukuwa na mtu wa kuwaambia wimbo gani uachwe.

Februari 1987, ziara ikiwa mlangoni, meneja wao kijana alijiua. Walikwenda hivyo hivyo, jukwaani wakipiga nyimbo zote 20 kwa mpangilio wa albamu. Januari 1988, huku heroini ikiwa imemwandama Hart, bendi ilivunjika.

Baadaye Mould aliunda Sugar, Hart akaanzisha Nova Mob, Norton akaingia jikoni kuwa mpishi.

Mwaka 2011 Mould alichapisha kumbukumbu zake. Hart alifariki 2017 bila kuandika za kwake, ndiyo maana kisa hiki husikika zaidi kwa sauti ya upande mmoja. Santuri zenyewe zinasema vingine. Nyimbo kadhaa za Mould zinafanana mwendo hadi zinachosha, ilhali She Floated Away ya Hart, yenye mapigo ya walzi, haifanani na nyingine yoyote humo. Nyimbo zingepunguzwa zikabaki 12, Warehouse ingekuwa kazi yao bora. Atakayeisikiliza leo aanze na zile tisa za Hart.