Mudimbe na sisi tunaoandika juu ya desturi

Katika kijitabu hiki tumezoea kuongea juu ya ngoma, mahari na wafalme wa zamani. Mara hii tunamleta mwandikaji wa Katanga, Valentin-Yves Mudimbe, sababu kazi yake inatugusa sisi wenyewe tunaojaza kurasa hizi.

Alizaliwa Likasi mwaka 1941, akaingia monasteri ya Wabenedikto kule Rwanda, akatoka, akasoma Lovanium na Louvain, akafundisha Lubumbashi. Kisha akahamia Amerika, ambako alikufa mwezi wa nne 2025. Watu wanamgawanya: huku riwaya, kule falsafa. Sisi tunaona swali iko moja tu: nani anasema kwa ajili yetu, na kwa maneno ya nani?

Tuchukue Entre les eaux, ya mwaka 1973. Padri Pierre Landu anaacha kazi yake, anaingia porini pamoja na waasi. Wazee wa Kalemie hawana lazima ya kuelezwa waasi ni nini. Wasimba walikamata mji huu mwaka 1964, wakati ukiitwa bado Albertville. Lakini ukitafuta ndani sauti ya mkulima aliyeshika mkuki, utaisikia kidogo sana. Kila kitu kinapita katika kichwa cha padri. Wengine wanasema ni kasoro. Sisi tunasema ndiyo nguvu ya kitabu: huyu mtu hata akiasi, anaasi kwa vitabu alivyofundishwa. Mwisho anaingia monasteri.

Katika L'Écart, ya mwaka 1979, Nara anataka kuandika historia ya Wakuba bila kufuata Wazungu waliomtangulia. Anakufa kazi haijaisha, anaacha madaftari tu.

Miaka tisa nyuma yake, The Invention of Africa inasema jambo lilelile bila hadithi. Mudimbe anaongea juu ya maktaba ya kikoloni: maandishi ya wasafiri, wamisionari na watawala, ambayo hata Mwafrika anayeyapinga anaendelea kuazima maneno yake. Anamchunguza hata Padri Tempels, aliyeandika juu ya falsafa ya Kibantu akiwa kati ya Baluba wa hapa Katanga.

Sasa tuseme kweli. Tukiandika juu ya Batabwa ao Baholoholo, tunaanzia wapi? Mara nyingi katika ripoti za Wabelgiji na maandishi ya Mapadri Weupe, waliopokea kituo cha Mpala mwaka 1885. Tunanakili majina ya makabila na mipaka yao, kisha tunaita ile desturi ya babu. Mzee akisema vingine, tunamsahihisha kwa kitabu!

Mudimbe naye ana deni. Riwaya zake zote nne ni za Kifaransa, vitabu vyake vikubwa vya mwisho ni vya Kingereza. Mama muuza ndagala atavisoma namna gani? Hata hivyo yuko Ya, mwanamke wa baa katika Le bel immonde, ya mwaka 1976, anayevutwa huku na waziri, huku na waasi. Kwetu ndiye mtu wake aliye hai kuliko wote. Mwalimu anayetaka kumjua Mudimbe aanze na hicho, si kirefu.